Anayeuguza ashukuru nini, na nani ana haki ya kumwambia ashukuru?

#1 Binti wa Makorora (mleta uzi)
Salaam kwenu nyote. Namuuguza mama yangu hapa Makorora, Tanga, tangu alipopata kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumfunga ulimi. Kila anayekuja kumjulia hali, kabla hajaketi mkekani, huniambia nishukuru kwa sababu mama yuko hai, nisiwaze ya kesho, niishi leo. Wanaosema hivyo ni watu wema, wengine huja na sukari na sabuni, wala siwalaumu. Wakishaondoka, hata hivyo, hujiuliza kama shukrani hiyo ni dawa kwa anayeuguza au ni namna ya kumwomba asilie mbele ya wageni. Na hiyo leo ninayoambiwa niishi ndani yake ina nini, ikiwa leo yenyewe ndiyo kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asichubuke mgongo, kufua mashuka, na kumlisha uji kijiko kwa kijiko, nikimtazama koo mpaka ameze kimoja ndipo nimpe kingine? Ninavyoona mimi, shukrani ni halali kwa mwenye shida kuitoa kwa hiari yake, na mtu mwingine hana haki ya kumdai. Waliopitia waniambie: mlishukuru nini hasa, na ilibadilisha nini?

#2 Ustadh wa Barabara ya Nane
Pole sana, binti yangu, na Mwenyezi Mungu amjalie mama shifaa. Shukrani kwetu ni amri yenye ahadi ndani yake, kwani katika Sura Luqman Mola wetu ameahidi kuwazidishia wanaoshukuru. Wanazuoni wametufundisha pia kwamba shukrani ina makao matatu, yaani moyo unaoitambua neema, ulimi unaoitaja, na viungo vinavyoitumia katika utiifu. Wewe unayeamka usiku kumgeuza mama yako unashukuru kwa viungo vyako, hata kama ulimi umechoka. Wageni wanakukumbusha tu jambo ambalo tayari unalitenda. Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba hawana haki, maana kukumbushana ni wajibu.

#3 Mkufunzi Mstaafu
Habari za jioni. Nitaliendea swali kwa upande wa utafiti, ambao nao una mipaka yake. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, waliwagawa wanafunzi katika makundi. Kundi moja liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, jingine liliandika karaha, na la tatu matukio ya kawaida tu. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi na walilalamikia maradhi madogo madogo kwa uchache. Katika jaribio jingine waliwachukua watu wenye maradhi ya neva na misuli, wakaandika kila siku kwa siku 21, na hao pia hali ya moyo ilipanda na usingizi ukawa bora. Nalitaja hili la mwisho kwa sababu watu hao walikuwa na shida ya kweli mwilini, na bado zoezi liliwafaa.

Kuhusu kuishi leo, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha mwaka 2010 matokeo ya watu 2,250 walioulizwa kwa simu, wakati wowote wa siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ilikuwa imetoroka kwenye kile mikono ilichokuwa ikikifanya, na furaha ya watu ilipungua akili ilipotoroka, hata kama walichokuwa wakikifanya hakikuwapendeza. Maelezo yangu basi ni mepesi: shukrani huyafundisha macho mahali pa kutazama, na hakuna muujiza mwingine ndani yake.

#4 Mtoto wa Kambi
Mkufunzi, shikamoo. Watu waliokuwa na simu za bei mbaya mwaka 2010, wengi wao Wamarekani, hawawezi kunifundisha namna ya kuishi leo nikiwa sina unga wa kesho.

Baba yangu alikuja kukata mkonge akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, na sisi tulizaliwa kambini upande wa Korogwe. Nilikua nikiona mikono yake ilivyochomwa na miiba ya ncha za majani, na nilikua nikimsikia akisema kila jioni kwamba tumshukuru Mungu kazi ipo. Shamba lilipodorora, mishahara ikawa inachelewa, kisha ikakatika, naye akaendelea kushukuru kwamba nyumba ya kambini hatujanyang'anywa. Mkonge ulikuwa kileleni miaka ya sabini, ukafa kwa kutaifishwa, na waliokuwa wakishukuru hawakwenda kudai chochote mpaka waliopaswa kuwalipa wakawa hawaonekani. Simdharau baba yangu, nampenda na namheshimu mpaka kesho. Ninachosema ni kwamba shukrani ilimlaza usingizi wakati ambapo hasira ingemwamsha. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi, tena nakwenda mbali zaidi yake: anayemwambia mwenye shida ashukuru mara nyingi anajipunguzia mwenyewe mzigo wa kusaidia.

#5 Nahodha wa Sahare
Mabaharia hatuna utafiti, lakini hili la leo tunalijua. Chombo kikiwa kinabisha dhidi ya upepo, demani, ile kamba ya kukazia tanga, iko mkononi, mguu umekaza, jicho liko kwenye ukingo wa tanga. Likianza kupwaya unakaza hapo hapo. Ukianza kuwaza deni la duka, utashtukia tanga limepigwa kinyume na foromali, boriti inayobeba tanga, inataka kumwangusha mtu. Wala si kwamba deni halipo, maana utalikuta ufukoni likikungoja. Nilipofiwa na mke wangu, niliweza kulala usingizi baada ya kurudi baharini tu, kwa kuwa kule hakuna nafasi ya kuwaza mawili. Bibie wa Makorora, huenda huo muda wa kutazama koo la mama likimeza ndio mapumziko yako yenyewe, nawe unauhesabu kuwa ni mzigo.

#6 Bi Nuru wa Duga
Ustadh, kwa heshima na taadhima: ahadi ya nyongeza kwa wanaoshukuru iko katika Sura Ibrahim, aya ya 7. Ile ya Luqman, aya ya 12, inasema kwamba anayeshukuru anashukuru kwa faida ya nafsi yake. Tofauti hiyo ina uzito hapa, kwani aya ya Luqman haitaji nyongeza yoyote itakayokuja kesho. Inasema faida inabaki kwa mwenyewe.

Kisha niongeze jambo ambalo wageni wa mleta uzi wanalisahau. Nabii Yakubu alilia kwa kumkosa Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na alipolaumiwa na wanawe alijibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Ni katika Sura Yusuf, aya za 84 hadi 86. Mtume wetu naye alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema kwamba jicho linalia na moyo unahuzunika, lakini hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Basi kama mitume walilia, wewe binti ulie, tena ulie kwa sauti, na shukrani yako haitapungua hata chembe. Niliuguza mume kwa muda mrefu. Nilichokuwa nikishukuru kilikuwa kitu kidogo mno, kwamba alipokuwa akinyolewa ndevu aliinua kidevu mwenyewe ili kumrahisishia kinyozi. Siku alipoacha kuinua nililia, na nikashukuru kwamba aliwahi kuinua.

#7 Mwanakwaya wa Muheza
Bwana asifiwe, na poleni. Naafikiana na Bi Nuru kutoka upande wangu. Mara nyingi tunahubiriwa Mathayo 6:34 kwamba tusisumbukie ya kesho, na tunaachiwa hapo, ilhali mstari huohuo unamalizia kwa kukiri kwamba kila siku ina maovu yake ya kuitosha. Sijawahi kusikia kauli ya kweli kuliko hiyo kuhusu kuuguza. Ayubu naye, tunayemfanya kielelezo cha subira, katika sura ya tatu aliilaani siku aliyozaliwa, na Zaburi nyingi ni malalamiko matupu hadi karibu na mwisho. Katika desturi yetu kulalamika mbele za Mungu ni sehemu ya ibada. Nadhani mtu anayekatazwa kulalamika hupoteza na uwezo wa kushukuru kwa dhati, kwa kuwa vyote viwili hutoka mahali pamoja.

#8 Muuguzi wa Zamu
Nimesoma kuanzia juu. Kabla ya falsafa, dada, tafadhali hakikisha mama anaketi wima kabisa anapokula na anabaki wima kwa muda baada ya kula, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, na uji uwe mzito kiasi, kwa sababu kitu chepesi kama maji ndicho kinachoponyoka kwa urahisi kwenda kwenye mapafu kwa mgonjwa wa kiharusi. Akianza kukohoa wakati wa kumeza au sauti ikawa ya majimaji, acha kumlisha na umpeleke akaonwe. Dawa za presha zisikatike hata kama anaonekana amepata nafuu.

Sasa kuhusu wewe. Nimewaona ndugu wengi wanaouguza wakija wodini wakitabasamu na kusema alhamdulillahi, kumbe hawalali, hawali, na wameacha kutoka nje. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa unaotibika, na shukrani ya mdomoni huuficha. Nimewaona pia wengine, wachache, ambao kushukuru kwao kuliwapa nguvu halisi. Tofauti niliyoiona ni kwamba hawa wa pili hutaja kitu: leo amefumba kiganja, leo ameniangalia nilipoingia. Wa kwanza hushukuru kwa jumla. Sina nadharia ya jambo hili, ila nimeliona mara nyingi kiasi cha kuliamini.

#9 Fundi Baiskeli wa Ngamiani
Nahodha wangu, baharini umetuambia hakuna nafasi ya kuwaza mawili, lakini juzi ulinipigia simu ukiwa hukohuko majini kuuliza kama mnyororo wa baiskeli yako uko tayari!

Nirudi kwenye hoja. Ninyi nyote mmeiweka shukrani ndani ya moyo wa mtu mmoja, na mimi naona mahali pake ni barabarani, kati ya nyumba na nyumba. Mama yangu hakuwahi kurudisha sahani ya jirani ikiwa tupu. Ikiwa imekuja na futari, itarudi na maandazi, na siku ambayo hatukuwa na kitu ilirudi na ndimu mbili kutoka uani. Banda langu lilipoungua, vifaa vyote vikateketea, niliandika kwenye daftari la wateja jina la kila aliyenishika mkono, pamoja na aliyenikopesha spana na kijana aliyelinda vyuma vilivyobaki usiku ule. Bado ninalo. Kila mmoja nilimwendea kumshukuru ana kwa ana, na karibu wote niliowaendea walinipa msaada wa pili ambao sikuuomba. Kwa hiyo shukrani ndiyo inayoufanya msaada utembee. Mtoto wa Kambi, pengine kilichomponza mzee wako ni kwamba alimshukuru asiyemfanyia kitu.

#10 Mtunza Kumbukumbu
Marekebisho kidogo kwa #4. Kilele cha uzalishaji wa mkonge nchini kilikuwa mwaka 1964, takriban tani 230,000. Bei ya dunia ilianza kushuka tangu wakati huohuo, kamba za nailoni na plastiki zikichukua soko, na utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha mwaka 1967 ukaukuta mkonge tayari umeshaumia. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tumebaki na takriban tani 20,000. Nayasema haya kwa sababu yanagusa swali letu. Hata kama wakataji wote wa Korogwe, Muheza na Pangani wangekasirika kwa pamoja, hasira yao isingeirudisha bei ya singa za mkonge. Katika janga lililoletwa na mambo yaliyo mbali kiasi hicho, sioni mzee wetu angeshika nini zaidi ya nyumba iliyobaki.

#11 Mtoto wa Kambi
Nakushukuru kwa takwimu, Mtunza Kumbukumbu, nazipokea. Bei isingerudi, ni kweli. Mishahara iliyokwisha kufanyiwa kazi ingeweza kudaiwa, na waliodai katika baadhi ya mashamba walilipwa angalau sehemu. Yapo yasiyobadilika na yapo yanayobadilika, na ugomvi wangu na shukrani ni kwamba inayafunika yote kwa shuka moja. Kwa Fundi nasema kwamba umenigusa. Baba alimshukuru msimamizi, na jirani aliyetupa mahindi hakumwambia neno.

#12 Mkufunzi Mstaafu
Mtoto wa Kambi ana haki zaidi ya alivyojua. Mwaka 2013 Anandi Mani na wenzake walichapisha utafiti wa wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alipimwa kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekauka, na baada ya mavuno, fedha zikiwa zimeingia. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili, ingawa ni mtu yuleyule mwenye elimu ileile. Waliueleza upungufu huo kwamba ukata wenyewe unaila nafasi ya akili. Ikiwa ni hivyo, kumwambia aliyekatikiwa fedha aishi leo ni kumwomba kitu ambacho ukata umekwisha kukichukua, na njia fupi ya kumrudisha kwenye leo yake ni kumpunguzia deni. Niongeze kwamba tafiti za baadaye zilizounganisha majaribio mengi ya daftari la shukrani zimeonyesha kuwa nguvu yake juu ya sonona na wasiwasi ni ndogo. Ipo, lakini ni ndogo. Bado nashikilia kuwa inafundisha macho, ila macho yenyewe yanahitaji mtu aliyelala usingizi.

#13 Nahodha wa Sahare
Fundi, siku ile nilikuwa nimetia nanga, usinivunjie heshima mbele za watu.

Nimeyasoma ya wakulima wa miwa na nimejiona humo. Wavuvi wa dagaa kwa taa huvua siku za giza, na mbalamwezi ikikomaa vyombo hupumzika, kwa kuwa taa haivuti dagaa mbele ya mwezi. Kwa hiyo kila mwezi tuna siku tunazojua kabisa kwamba hazina kitu, na wakati wa kusi kali zinaongezeka. Mvuvi asiyewaza kesho hana akiba ya siku hizo. Basi nilichokisema mwanzo kinahusu muda ambao mkono uko kazini. Nchi kavu tunahesabu mwezi kama watu wengine, tena kwa makini, na anayetuambia tusihesabu hajawahi kulisha watoto kwa bahari.

#14 Binti wa Makorora (mleta uzi)
Nawashukuru, na kwa kuwa Fundi amesema twende kwa majina, namshukuru Muuguzi kwanza kabisa. Nilikuwa nikimlisha mama akiwa ameegemea mito, kichwa nyuma, na uji mwepesi nikidhani ndio rahisi kumeza. Leo ameketi wima na hakukohoa.

Kwa Nahodha: nimejaribu kuutazama ule muda kama ulivyosema. Kwa vijiko kadhaa ni kweli kabisa, sikuwa mahali pengine popote, na niliona kwamba mama hufumba jicho la kushoto kabla ya kumeza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha mgongo ukauma, maji yakakatika bombani, nikarudi kuwa yule yule mwenye hasira. Kwa hiyo siwezi kusema ni mapumziko. Kwa Bi Nuru, habari ya kidevu cha mumeo imenifanya nilie kwa namna ambayo imenisaidia kuliko mawaidha yote ya mkekani. Na kwa Ustadh, baba yangu, bado nasimama pale pale. Ninapojishukuria mwenyewe hilo jicho la kushoto, nafanya kitu changu. Anaposema mgeni kwamba nishukuru, ananipa kazi nyingine juu ya zile nilizonazo.

#15 Mpangaji wa Chumbageni
Samahani kwa kuchelewa kuingia. Ninyi nyote mna kitu cha kushikilia, iwe jicho, kidevu, nyumba au spana. Mimi nilifiwa na mtoto, na nilipotafuta kitu kidogo cha kushukuru sikukiona, na kuishi leo kulimaanisha kukaa ndani ya chumba chenye nguo zake. Kilichonivusha kilikuwa kuikimbia leo. Nilihama mtaa, nikafanya kazi hadi nachoka, nikawaza mwaka ujao kwa makusudi. Mkufunzi, tafiti zenu zinasemaje kwa mtu ambaye akili ikitoroka ndipo anapopumua?

#16 Mkufunzi Mstaafu
Pole mno, ndugu yangu. Tafiti nilizozitaja zinazungumzia wastani wa watu wengi, na wastani haumkanushi mtu mmoja aliye mbele yako. Sitakuambia ulikosea kukimbia.

#17 Bi Nuru wa Duga
Mpangaji, Mungu akupe subira, na ikiwa ulipona kwa kuhama basi kuhama kulikuwa sahihi.

Binti, niko Duga na Jumanne asubuhi sina shughuli. Nitumie ujumbe wa faragha, nije nikae na mama ili ulale au utoke ukaone watu. Nimeuguza, kumgeuza najua, na Muuguzi ametukumbusha kulisha.

#18 Ustadh wa Barabara ya Nane
Bi Nuru, jazakillahu khayran, aya ni ya Sura Ibrahim kama ulivyosema. Katika hoja sijabadilika. Mgeni akinyamaza kabisa, atamwacha mwenye shida peke yake na mawazo yake, na mtu aliyeachwa peke yake huweza kumdhania Mola wake vibaya. Kukumbusha ni rehema, hata kama msikilizaji siku hiyo hakupenda.

#19 Mtoto wa Kambi
Ustadh, shikamoo. Sipingi kukumbusha, napinga mpangilio. Bi Nuru ametaja Jumanne asubuhi na hakutaja shukrani. Wewe ukienda Makorora utaanza na lipi?

#20 Ustadh wa Barabara ya Nane
Marahaba. Nitakwenda na mke wangu, binti akituruhusu. Yeye atashughulika na mgonjwa, nami nitachota maji, kwa kuwa nimesoma kwamba bomba limekatika. Na kabla ya kuaga nitamkumbusha ashukuru, hata akininunia, maana hilo nalo naamini ni sehemu ya msaada, na bado hujanionyesha kwa nini nisifanye.